Toroli Tatu za Udongo

Alhamisi ile, saa mbili za asubuhi, Hilari Kabelele alifika makaburini Ntalikwa akakuta utepe mwekundu na mweupe umezungushwa juu ya uzio wa minyaa. Minyaa ile aliipanda yeye, kijiti kwa kijiti, mwaka ambao mbuzi wa jirani walianza kula maua ya marehemu. Alisimama nje kidogo kama mgeni asiyejua kama atakaribishwa, kisha akauinua utepe na kupita chini yake. Mgongo ulimlia. Alikuwa na miaka sabini na minne, na kati ya hiyo arobaini na minane aliimaliza humo ndani, akichimba.

Barabara mpya ya mchepuo ilikuwa inakuja. Ilifuata njia ileile ya misafara, ile waliyopita wapagazi na pembe za ndovu mabegani kuelekea pwani, maana hata wataalamu wenye mitambo yao ya kupima, mwisho wa yote hurudi kukanyaga palipokanyagwa na watu wasiojua kusoma. Makaburi sitini na matatu ya misheni yalikuwa katikati ya mstari. Kanisa lilipewa kiwanja kingine ng'ambo ya korongo, na kila aliyelala hapa alitakiwa awe amehamia kule, au amechukuliwa na ndugu zake, kabla ya jua la Jumamosi kuzama.

Hapakuwa na jiwe lenye jina. Misalaba bora ilikuwa ya mninga, na mninga nao mwisho wake ni mchwa, achilia mbali ile ya mbao hafifu. Majina yalikuwa kichwani mwa Hilari. Siku hizi mtu akifa, kabla hajaoshwa picha yake imeshasambaa kwenye simu za watu wasiomjua. Fulana zinachapwa, kaburi linapigwa vigae kama bafu la hoteli, na baada ya masika mawili hakuna hata mmoja ajuaye magugu yamefika wapi. Hilari hakuwa na vigae. Alikuwa na namna yake ya kukumbuka, aliyoipata kwa babu yake mpagazi, ambaye hata uzeeni alizitaja kambi za safari kama mtu anayesali: kutoka Tabora, Kigwa, kutoka Kigwa, Rubuga, kutoka Rubuga, Tura, baada ya Tura, nyika ya Mgunda Mkali, na Mungu akusaidie. Ukiruka kambi moja, mzee yule alikuwa akisema, utalala na kiu. Basi kila Jumapili baada ya ibada Hilari alianzia kwenye lango na kutembea safu kwa safu, akitaja jina kila alipokanyaga, hadi la sitini na tatu.

Kazi hii aliirithi kwa baba yake. Alfajiri ya Pasaka moja, waumini wakiwa wamejipanga kati ya makaburi wakingoja jua kama ilivyokuwa desturi, baba yake alimshika bega akamwambia, "Hawa tumewekeshwa. Mwenye mali atarudi. Parapanda ikilia na yeye akasimama hapo langoni akauliza, 'Huyu nani?', usije ukamjibu kwamba ulikuwa umesahau." Hilari alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita. Aliyachukua maneno yale jinsi yalivyo, hakuyapunguza. Wengine kanisani walimngoja Bwana kwa kuimba. Yeye alimngoja kwa jembe, na kila kaburi alilichimba kichwa magharibi, miguu mashariki, ili mtu akiinuka awe ameshatazama upande atakaotokea Bwana.

Msimamizi wa kazi, kijana wa Kichaga aliyeitwa Godbless, alikuja akiwa na kofia ya plastiki na kishikwambi mkononi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Mmenifungia kamba nyumbani kwangu?"

"Bwana afya ndiye anayetaka, mzee. Ndugu wakae nje ya utepe, vibarua wafukue, mifupa iingie kwenye sanduku, sanduku lifungwe. Hakuna kuchungulia." Alitelezesha kidole kwenye kioo. "Naona majina yote sitini na matatu yametoka kwako. Hakuna daftari?"

"Daftari lililiwa na mchwa kabla mama yako hajaolewa."

Godbless alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Sasa nisikilize kama mwanao. Wakubwa wangu hawapendi orodha ya kichwani. Wameniambia hivi: jina moja tu likionekana si lenyewe, orodha yote ifutwe. Niandike 'hajulikani' mara sitini na tatu, katapila lichimbe shimo moja. Nakuuliza mara moja. Una hakika?"

Hilari aliugeukia utepe.

"Nina hakika," alisema.

Hakuwa na hakika. Kwa majina sitini na moja angeweza kuapa. Mawili alijua si sawa, na alikuwa amejua kwa zaidi ya miaka ishirini.

Ulikuwa mwaka wa mvua za Elinino, kipindupindu kilipoingia mjini. Siku moja gari lilileta maiti mbili, kila moja katika plastiki yake, plastiki za aina moja, fundo la aina moja, na ndugu wamekatazwa kusogea. Mmoja alikuwa Kabula, mwanamke mrefu kutoka Choma huko Igunga, aliyeletwa Tabora kutibiwa. Barabara ilikuwa imekatika, mwili usingeweza kurudi. Mwingine alikuwa Nyamizi, binti mfupi wa miaka kumi na saba, mtoto pekee wa Yustina wa Itetemia. Hilari alichimba makaburi mawili yakipakana, moja refu, moja fupi, akazika, akachomeka vijiti. Jioni ileile ugonjwa ukamwangusha yeye mwenyewe. Alilala siku kumi na moja. Aliporudi, mvua ilikuwa imeviondoa vijiti na kuisawazisha ardhi kama mkeka. Akasimama pale, akajaribu kukumbuka. Akaweka misalaba. La ishirini, Kabula. La ishirini na moja, Nyamizi. Akaanza kuyataja hivyo kila Jumapili, na mdomo ukishazoea njia haurudi nyuma.

Mchimba kaburi anajua jambo moja ambalo wafiwa hawalijui: udongo hutitia. Masika ya pili au ya tatu sanduku au plastiki ikioza, ardhi huzama na kuonyesha umbo la shimo kama ilivyochimbwa. Masika ya tatu Hilari alikuta la ishirini limezama fupi, na la ishirini na moja limezama refu. Alisimama hadi jua likamchoma kisogo. Wakati huo Yustina alishapanda maua meupe kwenye la ishirini na moja, na kila Jumamosi alikuja na ufagio wake na kukaa pale akizungumza na mwanawe.

Hilari alichukua toroli. Alileta udongo wa kichuguu, toroli ya kwanza, ya pili, ya tatu, akajaza, akashindilia kwa miguu hadi makaburi yote mawili yakawa sawa. Akajiambia kwamba Bwana anawajua walio wake. Ni neno la kweli, na yeye alijifunika nalo kama mwizi anavyojifunika kanzu ya shehe. Hata marehemu mkewe hakumwambia.

Saa tatu na nusu Yustina aliingia na ufagio, kama vile ilikuwa Jumamosi ya kawaida.

"Kaka Hilari, umeamkaje?"

"Salama, dada."

"Nimekuja kumfagilia mara ya mwisho. Wamesema zamu yake ni mchana." Alimtazama usoni. "Mbona umekuwa kama mtu aliyemeza jongoo? Au unaogopa kuhama?"

"Uzee tu."

"Uzee! Mimi na wewe nani mzee." Akapita, na bwana afya akamruhusu afagie kwa kuwa kaburi lake lilikuwa bado halijaguswa.

Nusu saa baadaye pikapu nyeupe yenye vumbi la Igunga ilisimama kando ya minyaa. Ngassa, mtoto wa Kabula, alishuka. Alikuwa mtu wa makamo, mfugaji mwenye ng'ombe wengi, mrefu hadi ilikuwa lazima ainame kutoka garini. Alimpa Hilari mikono miwili, akamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Leo ndiyo leo. Nimemchimbia mama pale karibu na zizi, alipopapenda. Ukoo mzima umekaa unangoja. Ng'ombe ameshachinjwa."

"Ng'ombe ameshachinjwa," Hilari alirudia.

"Wawili, kusema kweli. Wajomba wanakula kama nzige. Nikichelewa nitakuta pembe tu."

Vibarua walianza la ishirini. Hilari alisimama ameshika tawi la minyaa bila kukumbuka kwamba utomvu wake unawasha. Angeweza kusema sasa. Kabla hawajafika chini. Lakini akitamka, yule kijana mwenye kishikwambi angefuta wote: Mwalimu Petro wa safu ya kwanza, mapacha wa Sikonge, bibi kipofu aliyejua nyimbo zote, baba yake Hilari mwenyewe, aliyelala la kumi na nne. Wote shimo moja. Kwa ajili ya wawili apoteze sitini na mmoja? Alijiuliza hivyo, na swali lilikuwa zuri, lenye hesabu safi, na ndiyo maana alilishuku.

Mifupa ilitoka imefunikwa. Sanduku la mbao nyeupe likapigiliwa misumari. Ngassa alilipokea, akaliweka nyuma ya pikapu juu ya godoro, akatandaza juu yake kitenge kipya chenye lebo bado. Akaliinamia.

"Mayu, mama yangu," alisema taratibu, "tunakwenda kaya, nyumbani."

Akaingia garini.

Nyuma ya Hilari ufagio wa Yustina ulikuwa ukikwaruza ardhi, kwaru, kwaru, na sauti yake ikinong'ona. Alikuwa akimwambia mwanawe asiogope, watavuka korongo tu, si mbali.

Basi Hilari aliwaza hivi. Bwana akirudi sasa hivi, kabla gari halijaondoka, hatapata taabu kumtambua Nyamizi, hata akimkuta katikati ya zizi la Choma. Taabu itakuwa hapa, kwenye minyaa. Atamkuta mtumishi wake amesimama mdomo umefungwa, mikono imejaa utomvu, anatazama mali ya watu ikipelekwa nyumba isiyo yake. Miaka arobaini na minane ya kuchimba, na atakuwa amekutwa hivyo.

Injini iliwaka. Hilari alipita bila kuuinua utepe, utepe ukakatika, akaenda kusimama mbele ya pikapu, mikono miwili juu ya boneti.

"Zima gari."

Ngassa alitoa kichwa dirishani. "Vipi, baba? Hatujaagana?"

"Zima. Huyo si mama yako."

Ngassa alicheka kwanza. "Jua limekupiga, mzee. Kanywe maji."

"Huyo ni Nyamizi, mtoto wa Yustina. Mama yako bado yuko chini. Yuko pale anapofagia yule dada."

Ufagio ulinyamaza.

Ngassa alishuka bila kufunga mlango. Alimshika Hilari kola ya shati, akamvuta hadi vidole vya miguu ya mzee vikagusa ardhi kwa shida. "Rudia."

"Nilikosea. Nilijua baadaye. Nikanyamaza."

"Ulijua lini?"

"Masika ya tatu."

"Nimekuja hapa mara nne!" Ngassa alipaza sauti. "Mara nne umenishika mkono ukanionyesha. Ukanimiminia na maji ya kunawa!"

"Nilikumiminia."

Godbless alikuja mbio, bwana afya nyuma yake, na vibarua wakatupa sururu wasije wakakosa la kutazama. "Mwachie, mwachie mzee. Mzee, unasema nini? Asubuhi nilikuuliza nini?"

"Uliniuliza kama nina hakika. Nikakudanganya." Alipumua. "Usiniamini. Pima. Shimo nililichimba mimi, kuta zake za chini ziko kwenye changarawe ngumu, hazijabomoka. Pima urefu."

Kibarua aliteremka na tepu. Sauti ikatoka chini: "Futi tano na inchi mbili."

Ngassa aliliachia shati. "Mama yangu alikuwa akiinama mlangoni kwa kila mtu," alisema, kama anayezungumza na nafsi yake.

Walifukua la ishirini na moja. Yustina alisogea pembeni, akakaa chini palepale, miguu ameinyoosha, ufagio mapajani. Tepu ilisema futi sita na nusu. Bwana afya alitaka kufunika, lakini Ngassa alivuka utepe, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Alipiga magoti. Alichukua mfupa mmoja, wa paja, akaupangusa udongo kwa kiganja, akauweka juu ya paja lake mwenyewe. Ulilingana, kuanzia nyonga hadi goti.

Akakaa nao hivyo, mabega yakimtikisika.

Ndipo Yustina akasema. "Hilari."

Hakusema kaka.

"Naam."

"Miaka yote hii. Nilimweleza mwanangu mambo yangu yote. Nilimweleza ya baba yake, mambo ambayo hata mchungaji hakuwahi kuyasikia. Nilikuwa namweleza nani?"

"Mama wa Ngassa."

"Na wewe ukipita na toroli yako. 'Dada, umeamkaje. Dada, watoto hawajambo.' Watoto gani, Hilari? Ninao watoto gani? Huyo mmoja ulinificha."

Hilari alitamani ampige.

Ngassa aliinuka. Alikwenda kwenye pikapu, akaondoa kitenge juu ya sanduku, akalibeba sanduku kwa mikono miwili hadi kwa Yustina na kulitua mbele yake taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto aliyelala. "Nisamehe, mama," alisema. "Nilitaka kumwiba bila kujua."

"Wewe hukuiba. Mama yako anajua habari zote za Itetemia, ukifika mwambie anitunzie siri." Akalikumbatia sanduku, na hapo ndipo kilio kilipomtoka.

Godbless alikuwa ameshakwenda kando ya korongo na simu sikioni. Alizunguka, akasimama, akazunguka tena. Hilari alimtazama kama mtu anavyomtazama hakimu anayesoma. Kijana aliporudi hakumwita mzee wangu.

"Wamesema nifute. Nimewaambia mtu anayejisema mwenyewe huwezi kumfananisha na anayekamatwa. Tumevutana. Mwisho wamekubali hivi: kaburi lenye ndugu wa kusimama na kusema 'ndiye', jina linabaki. Ukiacha haya mawili ya leo, ni arobaini na mawili. Lisilo na ndugu, naandika hajulikani. Ni kumi na tisa."

"Baba yangu ninaye mimi."

"Nimekuhesabu. Na wewe ni ndugu."

"Mwalimu Petro hana mtu. Mapacha hawana mtu. Nawajua."

"Nilikuuliza asubuhi, mzee. Ungeniambia asubuhi, labda."

Ni kweli, alipaswa kumwambia asubuhi. Hilari aliinamisha kichwa. "Basi wasitiwe shimo moja. Kila mtu sanduku lake. Na walazwe kichwa magharibi."

Godbless aliandika kwenye kishikwambi. "Hilo naliweza."

Simu ya mwinjilisti wa kanisa lao ilikuja kabla ya adhuhuri. Habari siku hizi haina miguu, ina mabawa. Alisema kwa upole kwamba wazee wa kanisa wamekaa, kwamba Pasaka ijayo mtu mwingine atasimama badala yake kusoma majina, na atasoma yaliyoandikwa tu. Hilari alijibu, "Sawa, mchungaji wangu," ingawa yule hakuwa mchungaji, akazima. Pikapu ya Choma ilikuwa imeondoka. Ngassa hakumuaga, lakini alipompita alipunguza mwendo ili asimpige vumbi.

Ijumaa asubuhi, ng'ambo ya korongo, katapila lilikuwa linaunguruma likichimba makaburi mapya. Yustina aliketi juu ya jiwe, sanduku mapajani, amelifunga kwa kanga yake. Kibarua mmoja alimkaribia.

"Bibi, lete tumpumzishe. Sanduku dogo hili, kishimo kidogo tu kinatosha."

"Mwanangu atasimama siku ile," alisema Yustina. "Apewe nafasi ya mtu mzima. Na hilo lidude lenu lisimguse. Achimbe yule." Akaelekeza kidevu.

Hilari alikuwa amekuja na jembe na koleo bila kuitwa, na alikuwa amesimama mbali. Alisogea. Alipima kwa hatua, akainua macho kutafuta jua, akachora mstari ardhini. Vibarua walikuja kumtazama, kisha wakachoka wakarudi kwenye mashine yao. Ardhi ya pale ilikuwa ngumu, na jembe lilirudi mikononi mwake kama limegonga chuma. Alichimba hadi magotini, akapumzika, akachimba hadi kiunoni. Jasho liliingia machoni. Yustina hakumpa maji, wala hakuondoka.

"Urefu umefika wapi?" aliuliza.

"Tano na mbili. Kama ulivyokuwa."

Yustina alisimama, akaja ukingoni na sanduku lake, akatazama chini kwa muda mrefu, upande mmoja na upande wa pili, jinsi mama anavyokagua kitanda kilichotandikwa na mtu baki.

"Ukuta wa huku umepinda," alisema.

Hilari akalichukua jembe, akarudi upande ule, akaanza kuunyoosha.